Meseji ya Keateka Si Notisi: Nilivyojifunza Sheria ya Kodi ya Duka kwa Hasara Yangu

Leo tuache kidogo habari za stoki na wateja. Tuongee kuhusu ile pesa inayotoka kabla hujauza hata kitu kimoja: kodi ya duka.

Mimi nashona na kuuza yunifomu za shule hapa Nakuru. Nilichukua duka langu mwaka wa 2014 kwa shilingi 14,000 kwa mwezi. Mkataba wa kuandikwa hatukuwa nao. Nililipa dipoziti ya mwezi mmoja, nikapewa ufunguo, basi. Najua wengi wenu mliingia hivyo hivyo.

Mwisho wa Oktoba 2018 nikapata meseji ya WhatsApp kutoka kwa keateka: "Mama Yunifomu, kuanzia mwezi wa kumi na moja kodi ni 22,000. Asiyeweza aachilie mlango." Siku zilizobaki kabla ya tarehe moja zilikuwa nne.

Piga hesabu na mimi. Sketi moja ilikuwa inaniachia faida ya kama shilingi 150. Hiyo nyongeza ya 8,000 ilimaanisha niuze sketi 53 zaidi kila mwezi, na hapo bado sijaweka chakula mezani. Tena Novemba shule zimefungwa. Nani ananunua yunifomu Novemba?

Niliogopa. Nikauza mashine yangu ya ovaloki kwa 18,000 ili nisibaki nyuma. Nikalipa 22,000 ya Novemba, nikalipa 22,000 ya Desemba. Januari ilipofika, wakati ambao sisi watu wa yunifomu tunavuna, sina mashine. Nikawa napeleka sketi kwa fundi wa mtaa wa pili, namlipa shilingi 30 kwa kila moja kupiga ovaloki. Faida yote ikawa inavuja huko.

Sasa sikiliza. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna mzee anayeuza viatu. Yeye alipata meseji ile ile. Novemba alilipa 14,000. Desemba akalipa 14,000. Hakuna aliyemfungia duka. Nilipomuuliza, akaniambia, "Mama, hiyo ni meseji, si notisi. Kodi ya duka haipandishwi kwa simu."

Kumbe kuna sheria, na ipo tangu 1965.

SHERIA YENYEWE INASEMAJE

Inaitwa Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya Maduka, Hoteli na Sehemu za Kuuza Chakula. Mawakili huiita Sura ya 301. Wenzetu mnaosoma mkiwa Tanzania au Uganda, hii ni ya Kenya, kwenu ulizeni ya kwenu.

Duka kwa sheria hii si lazima liwe la rejareja. Hata jumla, saluni, fundi wa simu, yeyote anayetoa huduma kwa malipo, yumo. Hoteli yako ya chapati na maharagwe ambapo wateja wanakaa kula, nayo imo.

Sheria inazungumzia upangaji unaodhibitiwa. Duka lako liko chini ya udhibiti huo kama:

Moja, huna mkataba wa kuandikwa. Naam, umesoma vizuri. Kutokuwa na mkataba hakukunyimi haki, kunakuweka ndani ya ulinzi.

Mbili, una mkataba wa kuandikwa lakini muda wake hauzidi miaka 5.

Tatu, mkataba unazidi miaka 5, lakini ndani yake kuna kipengele kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kuisha, bila yeyote kuwa amekosea masharti.

Ukiwa hapo, mwenye jengo hawezi kukutoa, kupandisha kodi, wala kukuondolea huduma uliyokuwa nayo kama maji au choo, ila kwa kufuata utaratibu. Na utaratibu ni huu: akupe notisi kwa fomu maalum ya sheria, ambayo ni Fomu A. Iseme anataka nini na kwa sababu gani. Na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 kamili tangu siku uliyoipokea.

Meseji ya siku nne? Haina nguvu. Barua ya kawaida tu iliyobandikwa mlangoni na haifuati fomu? Haina nguvu pia.

Lakini usikimbilie kushangilia. Sehemu inayofuata ndiyo inayomaliza watu.

KUNYAMAZA NI KUKUBALI

Mwenye jengo wetu si mjinga. Mzee wa viatu alipogoma, akaenda kwa wakili. Tarehe 3 Januari 2019 tukaletewa karatasi rasmi, Fomu A, milango yote sita. Kodi ipande hadi 22,000 kuanzia tarehe 1 Aprili, kwa sababu iliyopo iko chini ya bei ya soko. Hapo kila kitu kilikuwa sawa kisheria.

Ukipokea hiyo karatasi, saa yako imeanza kuhesabu. Una mwezi 1 kumjibu mwenye jengo kwa maandishi, useme unakubali au unakataa. Halafu, kama unakataa, unapaswa kupeleka shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, lile wengi hulijua kwa herufi BPRT, kabla ya tarehe ambayo notisi inaanza kufanya kazi. Kwetu sisi ilikuwa kabla ya tarehe 1 Aprili.

Ukifanya hivyo, notisi inasimama. Unaendelea kulipa kodi ya zamani hadi Jopo liamue. Usipofanya, notisi inaanza kazi yenyewe tarehe ikifika.

Mlango wa tano alikuwa dada wa saluni. Mchapakazi kweli kweli. Aliipokea ile karatasi, akaikunja, akaiweka nyuma ya kioo. Aliniambia, "Wacha nione kama wako serious." Aprili ikaingia, kodi yake ikawa 22,000 kihalali. Yeye akaendelea kulipa 14,000. Kila mwezi deni la 8,000 likipanda. Na sheria hiyo hiyo inasema ukikaa na kodi miezi 2 baada ya kudaiwa, au ukiwa mtu wa kuchelewesha kila mara, mwenye jengo ana sababu halali ya kuomba utolewe. Julai aliondoka mwenyewe usiku, akaacha sinki mbili za kuoshea nywele na wateja wa miaka mitatu.

Hakushindwa kwa sababu hakuwa na haki. Alishindwa kwa sababu hakuandika.

Mimi na mzee wa viatu tulijibu tarehe 21 Januari. Barua ya mistari mitano tu, nakala mbili, keateka akasaini moja kwamba amepokea. Februari tukapeleka shauri.

MWENYE JENGO NAYE ANA HESABU ZAKE

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Kwenye kesi ya kodi, Jopo haliangalii nani analia zaidi. Linaangalia mazingira yote, na kwa kawaida kila upande huleta ripoti ya mthamini wa majengo. Yeye hupima duka lako, kisha anatafuta maduka ya ukubwa huo na eneo hilo yanalipa ngapi. Mimi na mzee tuligawana gharama ya mthamini wetu. Ripoti ilipotoka, nilitaka kuificha: ilisema duka langu linastahili 17,000 hadi 18,000. Yaani mwenye jengo alikuwa anataka kupita kiasi, lakini na mimi nilikuwa nalipa chini ya soko.

Kabla kesi haijaenda mbali, tulikaa mezani na mwenye jengo mwenyewe. Mara ya kwanza tangu 2014 kuongea naye zaidi ya salamu. Akaniambia, "Mama, wewe unaona 14,000 yako. Mimi naona paa linalovuja juu ya milango sita. Naona kodi ya ardhi ya kaunti. Naona benki. Miaka minne sijakuongezea hata mia, na bei ya simiti haikunisubiri."

Nilitaka kumjibu vikali. Lakini lile paa kweli lilikuwa linavuja, kitambaa changu kilikuwa kimeshaharibika mara mbili, na sasa nikaelewa kwa nini hakuwa na haraka ya kulitengeneza. Kodi isiposogea, wa kwanza kuumia ni paa.

Tulikubaliana hivi: 17,500 kuanzia Septemba 2019, isiguswe kwa miaka 2. Zile 16,000 nilizolipa zaidi Novemba na Desemba zihesabiwe kwenye kodi ya mbele. Paa litengenezwe kabla ya mvua za Oktoba. Makubaliano yakaandikwa, yakawasilishwa kwenye Jopo yakawa amri. Sketi zangu 53 zikawa sketi 23 na kidogo. Hizo ninaweza.

UKIMBANA SANA, ATATAFUTA MLANGO MWINGINE

Unakumbuka ule mlango wa saluni? Mwenye jengo aliupangisha tena ndani ya mwezi mmoja kwa kijana wa vipuri vya pikipiki. Safari hii kwa mkataba wa wakili. Muda: miaka 5 na miezi 3.

Umewahi kujiuliza kwa nini mikataba mingi ya maduka mjini ni ya miaka 5 na miezi 3, au miaka 6? Si bahati. Inapita ile miaka 5 ya sheria, hivyo inatoka nje ya udhibiti. Humo ndani nyongeza za kodi zimeshaandikwa, na muda ukiisha mwenye jengo yuko huru kutaja bei yoyote au kukuambia uende. Mahali pengine anaongeza "gudwili", pesa ya kiingilio ambayo huioni tena. Sheria inayomlinda aliye ndani inaweza kumfanyia mlango kuwa mzito yule anayetaka kuingia.

Hili si la Kenya peke yake. Nina binamu anayeishi Minnesota, Marekani, na jirani naye kuna mji unaitwa Saint Paul. Novemba 2021 wapiga kura wa huko walipitisha sheria ya mji wao kwamba kodi ya nyumba za kuishi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Hata mpangaji akihama na mwingine kuingia, ni hiyo hiyo 3. Hata jengo jipya, ni hiyo hiyo. Wapangaji walipata kitu kikubwa: kujua mwaka ujao watalipa ngapi. Lakini maombi ya vibali vya kujenga nyumba mpya yakashuka kwa kasi, hata kabla sheria haijaanza kazi Mei 2022. Septemba mwaka huo huo baraza la mji likarekebisha, majengo mapya yakasamehewa miaka 20. Mwaka wa 2025 likaenda mbali zaidi, likaondoa kabisa majengo yote yaliyojengwa baada ya 2004.

Sheria yao ni ya nyumba, yetu ya maduka, lakini somo linafanana. Mpangaji aliye ndani anapata utulivu. Mwenye jengo anatafuta njia ya kutoka, iwe ni kuacha kujenga, kuacha kukarabati, au kuandika mkataba mrefu. Sisemi sheria ni mbaya. Bila hiyo mimi ningekuwa nimefunga 2018. Nasema ujue inakupa nini: haikupi kodi ya bei rahisi milele. Inakupa muda wa kujipanga na mahali pa kuongea. Hayo mawili yanatosha ukiyatumia.

MAMBO 8 YA KUFANYA

1. Jua uko wapi. Toa mkataba wako leo, usome muda wake. Huna mkataba? Umo kwenye ulinzi. Ni miaka 5 au chini? Umo. Unazidi? Tafuta kama kuna kipengele cha kuuvunja mapema.

2. Kama mwenye duka ni kaunti au serikali, sheria hii haikuhusu. Vibanda vya soko la kaunti haviko chini ya Sura ya 301. Wengi hukimbilia Jopo na kurudishwa kwa sababu hiyo.

3. Dai daftari la kodi. Sheria inamtaka mwenye jengo aliweke na akupe nakala, liwe na malipo yote na matengenezo yote. Hana? Tengeneza lako, na lipa kwa benki au M-Pesa kila mara. Pesa taslimu bila risiti ni pesa uliyoitupa.

4. Ukipokea notisi, andika tarehe uliyoipokea hapo hapo juu ya karatasi. Hesabu zote zinaanzia siku hiyo.

5. Jibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, ubaki na nakala iliyosainiwa. Halafu peleka shauri Jopo kabla ya tarehe ya notisi. Fanya yote mawili, usichague moja.

6. Usiache kulipa kodi ya zamani hata siku moja wakati mnabishana. Ukiwa na deni, mazungumzo yanageuka kuwa ya deni, na mwenye jengo anaweza kuomba ruhusa ya kuleta madalali.

7. Akisema anataka kubomoa na kujenga upya, au anataka kulitumia duka mwenyewe, hizo ni sababu halali kisheria. Lakini lazima aonyeshe ni kweli. Kwa kubomoa, kwa kawaida huulizwa michoro iliyoidhinishwa na uwezo wa kujenga. Uliza.

8. Usingoje vita. Ukiona miaka miwili imepita bila nyongeza, nenda wewe kwa mwenye jengo na pendekezo dogo la kuandikwa: asilimia kadhaa kila mwaka, naye atengeneze hiki na kile. Nyongeza ya 700 kwa mwaka unaweza kuipangia. Ya 8,000 kwa siku nne inauza mashine.

Na wewe ambaye una milango miwili mitatu ya kupangisha, maana najua humu mko, hayo pia ni yako. Usitume meseji. Tumia fomu, toa miezi miwili, leta bei unayoweza kuitetea mbele ya mthamini. Mpangaji anayelipa 17,500 kila mwezi ni bora kuliko mlango wa 22,000 uliofungwa.

KITU CHA MWISHO

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Fikiria muuza yunifomu wakati hakuna shule. Aprili niliuza sketi mbili. Mei sikuuza hata moja, nikawa nashona barakoa.

Hakuna sheria iliyomlazimisha mwenye jengo kunipunguzia. Lakini tulikuwa tumeshakaa meza moja mwaka uliotangulia, tunajuana. Nilimpigia, nikamwambia, "Mzee, naweza nusu, na sitakudanganya kwamba naweza zaidi." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mama, lakini tuandike." Tukaandika: nusu kodi hadi shule zifunguliwe, na ile nusu nyingine isihesabiwe kuwa deni. Tukasaini wote wawili. Januari 2021 watoto waliporudi, bado nilikuwa na duka. Na kufikia Machi nilikuwa nimenunua ovaloki nyingine, ya mitumba lakini inashona.

Mimi si wakili. Kama una kesi, tafuta wakili au uulize kwenye Jopo lenyewe. Nimekuambia tu nilichokipitia. Ukimaliza kusoma hapa, nenda ukafungue ile droo ambayo umeweka karatasi za duka, uangalie tarehe. Na kama una jirani ambaye ameweka notisi nyuma ya kioo, mtumie hii leo, usingoje kesho.